Muulizeni mwenyewe

Wengi mliomba niiweke hii hotuba kwa maandishi, basi nimejaribu. Mwanafunzi mmoja alirekodi kwa simu yake, nimesikiliza nikaandika kama nilivyoongea, nimetoa salamu ndefu za mwanzo na pale maiki ilipokata. Walikuwa wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, na mimi nilialikwa kama mzee wa kazi, nimekaa wodini miaka mingi halafu nikahamia tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, na mimi nafanya ya kuwatembelea majumbani.

Haya jamani kaeni, na nyie wa kule nyuma sogeeni, viti mbele vipo. Nimeambiwa niongelee maadili kwenye kumhudumia mtu anayekaribia kufa. Sasa najua zile kanuni nne mnazo, hata mtu akiwaamsha saa nane usiku mtazitaja, uhuru wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Mtihani mtafaulu. Mimi leo sizirudii, nataka niwaambie kosa langu, maana mwalimu wenu hawezi kuwafundisha kosa langu.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, wodi ya wanaume, hospitali siitaji. Akaletwa mzee mmoja fundi seremala, ana saratani ya koo la chakula. Mnajua inavyokuja ile, mtu anaanza kukwamwa na ugali, anahamia kwenye uji, mwisho hata maji yanarudi, na mpaka afike kwetu ameshapita kwa mganga, ameshapita duka la dawa sijui mara ngapi anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Huyu alipofika ilikuwa imeshasambaa. Mtoto wake wa kwanza akanivuta pembeni pale kwenye korido karibu na sinki akaniambia sista tunakuomba, mzee asiambiwe, akijua atakata tamaa atakufa kabla ya siku zake. Nikamwambia sawa kaka. Haraka hivyo hivyo. Na niwe mkweli kwenu, sikukubali kwa sababu nilifikiria sana, nilikubali kwa sababu ilinipunguzia mzigo, nani anataka kwenda kumwambia mzee wa watu habari kama ile.

Basi tukaendelea. Raundi ikipita madaktari wanaongea Kiingereza juu ya kichwa chake, faili linafunguliwa linafungwa, wanahamia kitanda cha pili. Mzee ananiuliza mwanangu, hili koo langu mbona halifunguki? Namwambia utapona baba, Mungu yupo. Mungu yupo kweli, lakini siku ile nilimtumia kama pazia.

Sasa mle wodini kulikuwa na mama wa usafi, yule anayepiga deki usiku. Mzee akamsubiri mpaka wodi imelala akamuuliza, mama, wewe uko hapa kila siku, hivi wenye ugonjwa kama wangu huwa wanarudi nyumbani? Yule mama hajasoma kanuni hata moja kati ya zile nne. Akageuza ndoo akaikalia, akamwambia baba yangu, niliowaona mimi hawakurudi. Mzee akasema ahsante. Halafu akamweleza, ana deni la mbao kwa fundi mwenzake, halijaandikwa popote, na kuna kiwanja kidogo alimuahidi binti yake wa mwisho, yule aliyekaa naye nyumbani akimpikia. Akamuomba amfikishie mtoto wake mkubwa.

Yule mama akaogopa. Atasemaje, yeye wa deki, kwamba ameongea na mgonjwa habari za kufa wakati masista wamekatazwa? Akanyamaza. Mzee akafariki wiki iliyofuata. Mwenye mbao akaja matangani kudai akaonekana tapeli mbele za watu, na kile kiwanja ndugu wakakigombania, binti akatoka mikono mitupu. Haya yote niliyajua baadaye, yule mama aliponifuata kwenye chumba cha dawa akilia, anajilaumu yeye. Anajilaumu yeye! Wakati yeye ndo pekee kwenye jengo lile aliyemjibu mzee swali lake.

Kwa hiyo mkinisikia leo nasema muulizeni mwenyewe, muulizeni mwenyewe, mjue inatokea wapi.

Maana fikirieni mtu anayejua kwamba siku zimebaki chache ana kazi ngapi za kufanya. Kama ni Muislamu, deni linatangulia kulipwa kabla mirathi haijagawanywa, na wasia nao una nafasi yake, hauzidi theluthi, lakini lazima awepo mtu wa kuusema. Kama ni Mkristo anataka padri au mchungaji wake, anataka kuungama, kupakwa mafuta. Mwingine anataka kumuona kaka yake ambaye hawajasalimiana miaka kumi kwa sababu ya ng'ombe. Mwingine anataka tu kurudi kijijini afie kwenye kitanda chake, na asafiri angali anaweza kukaa kwenye kiti cha basi, maana ndugu kusafirisha maiti mnajua gharama yake. Ukimficha umemnyima vyote hivyo, na hakuna dripu inayovirudisha.

Najua mnachotaka kuniambia, kwamba ni utamaduni wetu, sisi Waafrika hatumwambii mtu anakufa, ile ni mambo ya wazungu. Haya ngojeni. Mwaka 1961 huko Marekani, kwenye hospitali moja ya Chicago, madaktari 219 waliulizwa mgonjwa wa saratani huwa mnamwambia? Asilimia 90 walisema hawapendelei kumwambia. Tisini! Na sababu walizotoa ni zile zile za yule kaka wa kwenye korido, atakata tamaa, atavunjika moyo. Mwaka 1979 madaktari wakaulizwa tena maswali yale yale, asilimia 97 wakasema wanapendelea kumwambia. Miaka 18 tu. Sasa hapo kilichobadilika ni utamaduni gani wa Mzungu? Walikuwa waoga kama mimi, halafu mambo yakabadilika, tiba zikaongezeka, wagonjwa wakaanza kudai. Woga hauna kabila.

Lakini msinielewe vibaya mkatoka hapa mkaenda kuwamwagia watu habari kama mnamwaga maji machafu. Nimemuona daktari kijana, kasoma vizuri tu, anamwambia mama wa watu una saratani imefika hatua ya nne, kasimama, mkono kwenye kitasa cha mlango. Ule nao ni ukatili, tena ukatili wenye digrii. Kumuuliza kunaanza kabla ya kumwambia. Unavuta kiti, unakaa, unamsalimia kama anavyosalimiwa mtu mzima, shikamoo mama, umelalaje, halafu unamuuliza umeambiwa nini kuhusu huu ugonjwa wako? Na wewe mwenyewe unafikiria ni nini? Hapo mara nyingi utashangaa, anajua. Anajua kuliko ndugu zake walioko nje wanaokonyezana. Halafu unamuuliza, ungependa tuwe tunakueleza wewe kila kitu au kuna mtu ungependa tuongee naye?

Na wapo watakaosema ongeeni na mtoto wangu. Bibi mmoja niliyemhudumia kwake nilipomuuliza hivyo alinijibu, mambo hayo mwambieni kaka yangu, mimi nileteeni uji wenye limau. Basi. Tukaongea na kaka yake mpaka mwisho, bibi hakuuliza na hatukumlazimisha. Hilo nalo ni jibu lake, tena amelitoa kwa mdomo wake, sio sisi tumemkisia. Yule mzee wa mbao na huyu bibi wa uji, wote wawili hawakuambiwa na muuguzi, na tofauti yao mnaiona.

Na wale ndugu wa kwenye korido? Msiwafokee, wanampenda mgonjwa wao. Mimi siku hizi namwambia kaka, mimi sitamfuata baba nikamtangazia, lakini akiniuliza mwenyewe sitamdanganya, na ningependa uwepo tukiongea. Wengi wanakubali. Wengine wanakasirika, wanatishia kumhamisha, mgonjwa wangu ameshawahi kuhamishwa kwa ajili hiyo. Ndo kazi.

Twende kwenye maumivu, hapa ndo nyie mtakuwa na mamlaka kuliko mnavyodhani. Daktari ataandika mofini, ile dawa kali ya maumivu, kwenye faili lakini anayeshika chupa ni wewe, saa tisa usiku, peke yako, na hofu yako. Wangapi humu wameshasikia mofini ndo ilimuua? Nyoosheni mikono. Eeh. Karibu wote.

Sikilizeni, mofini ya kunywa ni unga unayeyushwa kwenye maji unawekewa kinachozuia kuharibika, ni rahisi kuliko dawa nyingi za kabatini. Inatolewa kila baada ya saa nne kwa sababu nguvu yake inaisha kwenye saa nne hivi, kwa hiyo ukiandika apewe akiumwa tu umemuandikia aumwe kwanza ndo apewe. Unaanza dozi ndogo, unapandisha taratibu ukimwangalia. Ukienda hivyo, kuzima pumzi ni nadra sana, mgonjwa anasinzia kabla pumzi haijapungua na wewe unaona. Kinachomsumbua kweli ni choo kigumu, kile hakizoeleki hata akitumia miezi, kwa hiyo mofini na dawa ya kulainisha choo vinaenda pamoja kama kurwa na doto. Wenzetu wa Hospice Africa Uganda, hospisi yaani huduma ya wagonjwa wanaokaribia kufa, pale walipokosa dawa walitumia mbegu za papai zilizokaushwa zikasagwa (nikisema hii kwenye semina watu wanacheka halafu wakati wa chai wanakuja kuniuliza kijiko kimoja au viwili).

Na hao Waganda muwajue. Ile hospisi ilianzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, alianza na kitu hichohicho, mofini ya maji ya bei ndogo, na 2004 nchi ikarekebisha kanuni zake ili muuguzi au afisa tabibu aliyesomea tiba shufaa aruhusiwe kuandika mofini mwenyewe. Ndo nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Wakati kwingine mgonjwa anasubiri daktari bingwa arudi kwenye semina, kule sista anaandika. Kwa hiyo mtu akikwambia muuguzi hana maamuzi mwambie avuke mpaka.

Sasa swali gumu, umempa dozi ya saa kumi, saa kumi na moja amefariki. Umemuua? Hili litawapata, jiandaeni nalo kabla halijafika. Jiulize ulimpa kwa nia gani na ulimpa kiasi gani. Kama dozi ni ile inayolingana na maumivu, ile ile aliyoizoea, amekufa kwa saratani, na wewe ndo uliyekuwepo. Kila mgonjwa lazima awe na dozi ya mwisho, kama ambavyo lazima awe na kijiko cha uji cha mwisho, na aliyempa uji hashitakiwi. Ila kama uliongeza mara tano ya dozi ili amalize, hiyo ni habari nyingine na moyo wako unaijua hata kama chati haiijui.

Na maumivu nayo muulizeni mwenyewe. Sio kuangalia uso, wazee wetu wamefundishwa kuvumilia, atakuwa anaungua ndani anakwambia sijambo mwanangu. Tumieni mkono, ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyobebeka, mwambie nionyeshe. Nimemuona baba mmoja mdomo unasema sijambo na mkono umefunguka vidole vyote vitano vinatetemeka.

Atakuja pia anayekwambia sista, nichome sindano nimalize. Kwetu sheria iko wazi, Kanuni ya Adhabu inasema ukiharakisha kifo cha mtu hata kama tayari ni mgonjwa, umesababisha kifo. Uholanzi wana sheria yao ya kuruhusu hilo kwa masharti tangu 2002, sisi hatuna, na mimi binafsi siitaki, tutabishana wakati wa chai. Ila kosa kubwa ni kumjibu kwa mahubiri. Usimwambie usiseme hivyo mama ni dhambi, hapo umemfunga mdomo. Muulize kwa nini leo.

Kulikuwa na mama mmoja, saratani ya shingo ya kizazi, kila nikienda kwake ananiomba nimalize naye. Siku moja nikakaa nikamuuliza, mama ni nini hasa? Akasema wajukuu hawaingii tena chumbani. Ni harufu. Kidonda kilikuwa kinanuka na watoto wanaishia mlangoni wanaziba pua. Basi tukasaga vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, hivi hivi vya kawaida, tukawa tunanyunyizia unga kwenye kidonda kila tukikisafisha, na harufu ikapungua ndani ya siku chache. Sijasema alipona, hakupona. Ila lile ombi hakulirudia, na nilipokwenda safari iliyofuata nilikuta mjukuu kalala miguuni kwake na daftari la hesabu.

Nimebakiwa na dakika ngapi? Kumi? Haya, mashine, yaani kumzuia mtu asife kwa nguvu.

Mwaka 1960 watafiti wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore waliandika kwamba moyo ukisimama unaweza ukakandamiza kifua kwa mikono ukaurudisha, bila kupasua. Walikuwa na wagonjwa 20, na 14 wakapona, ni maajabu. Lakini angalieni ni wagonjwa gani, wengi moyo ulisimama ghafla wakiwa kwenye dawa ya usingizi, mtu ambaye moyo wake ulikuwa na sababu ya kurudi. Sisi tukachukua ile ile tukaifanya ya kila anayekata roho. Bibi wa miaka themanini na ushee, saratani imejaa kwenye mapafu, anakata roho taratibu, interni, daktari aliye bado mafunzoni, anapanda kitandani mbavu zinalia kah kah, ndugu wametolewa nje, na kumbukumbu yao ya mwisho ya mama yao ni pazia limefungwa. Nani alimuuliza yule bibi? Kulikuwa na wiki mbili nzima za kumuuliza.

Na mashabiki wa Liverpool mpo humu? Mpo, nawasikia. Basi mnaijua Hillsborough, ule uwanja wa Uingereza ambako mashabiki walibanana mpaka wakafa, tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA na Nottingham Forest. Kulikuwa na kijana wa miaka 18, Tony Bland, alibanwa pale mapafu yakapasuka, ubongo ukakosa hewa. Hakufa. Alipumua mwenyewe, macho yanafunguka, lakini hajui lolote, analishwa kwa mpira wa kupitia puani, hivyo hivyo karibu miaka minne. Wazazi wake na daktari wake wakasema imetosha. Ikaenda mahakamani mpaka juu kabisa, kwa Malodi, waliokuwa majaji wa mwisho wa Uingereza wakati ule, na Februari 1993 wakaamua kwamba kulisha kwa mpira nako ni tiba, na tiba isiyomsaidia tena mgonjwa inaweza kusimamishwa. Wakaweka na mpaka, kuacha tiba isiyomfaa ruksa, kumchoma sindano ya kumuua ni mauaji. Alifariki mwezi uliofuata, akawa mtu wa 96 wa janga lile.

Mimi nikiisoma ile kesi kinachonikaa ni kwamba kila mtu pale alitoa maoni isipokuwa Tony. Hakuwahi kuulizwa na hangeweza kuulizwa, alikuwa kijana ameenda mpirani. Nani anamuuliza mtoto wa miaka 18 kabla ya mechi? Kwa hiyo ikabidi majaji watano wakisie. Wagonjwa wetu wengi sio Tony. Wana miezi, wana akili zao, wanaongea Kiswahili safi, na bado tunawafanya Tony kwa makusudi, tunasubiri mpaka azimie ndo tunaita kikao cha ukoo kuulizana angetaka nini.

La pesa nitaligusa tu maana linanipandisha presha. Daktari anajua dozi nyingine ya dawa haitabadilisha kitu, lakini kusema tujaribu ni rahisi kuliko kusema hapana, na ndugu wakisikia tujaribu wanauza shamba. Tujaribu ya daktari inalipwa na watoto watakaobaki, nao wajukuu watasoma kwa shamba lipi? Na ile kauli nyingine, hatuna la kufanya tena, mpelekeni nyumbani, hiyo iondoeni kabisa mdomoni. Mnayo ya kufanya mengi, nimetoka kuwatajia mofini, metronidazo, kiti cha kukalia.

(Hapa nilimaliza, yakaja maswali. Mengi yalikuwa ya mofini, nitayaandika siku nyingine. Hili moja naliweka.)

Dada mmoja wa mstari wa tatu aliniuliza, mama, wewe mwenyewe je, umeulizwa? Ukumbi ukanyamaza. Nikamwambia swali zuri na jibu lake linanitia aibu kidogo, kwa sababu miaka yote hiyo nawauliza watu nilikuwa sijaulizwa na mtu wala sijajiuliza, mpaka nilipolazwa kwa upasuaji mdogo tu wa uvimbe, nikajikuta usiku nahesabu mabati ya dari. Nilipotoka nikanunua daftari la kurasa mia. Nikaandika nani aitwe kwanza, nikaandika nikifika pa kutojitambua nisikandamizwe kifua kama ugonjwa wenyewe hauna dawa, nikaandika madeni, yapo mawili, na nani achukue nini. Nikampa mdogo wangu alisome. Alikasirika, akasema najichulia, siku tatu hakupokea simu yangu. Siku ya nne akapiga mwenyewe, hata salamu hakutoa, akaniuliza ni kwa nini cherehani nimemwachia dada mkubwa wakati hajui hata kutunga uzi.